Ni Nani Anayebeba Nyumba: Udongo au Maji?

Shangazi yangu anaishi Miritini. Mwezi wa nne mwaka juzi alinipigia simu alfajiri, hata shikamoo yangu hakuingoja imalizike. "Mwanangu, ukuta umefunguka tena." Lililoniuma ni hilo neno "tena". Ufa ulianzia pembe ya dirisha la chumba cha watoto, ukashuka ngazi ngazi kufuata maungio ya matofali mpaka sakafuni. Mwaka uliotangulia fundi alikuwa ameuziba kwa saruji, akapiga rangi, akalipwa akaenda zake. Fundi alidai waliojenga mwanzo walibania saruji. Jirani alilaumu magari makubwa yanayopita usiku. Shangazi mwenyewe aliuliza jambo ambalo sijaacha kulifikiria: "Si Mombasa yote ni jiwe? Jiwe linasogeaje?"

Swali lake lilikuwa zuri kuliko majibu yote aliyokwisha kupewa. Kuna taaluma nzima ya chuo kikuu iliyojengwa juu ya swali hilo. Inaitwa uhandisi wa jiotekniki, nayo ni tawi la uhandisi wa ujenzi linalochunguza ardhi inayobeba nyumba, barabara, madaraja, gati na kuta za kuzuia bahari. Shahada ya uhandisi hapa Kenya ni miaka mitano, na udongo huanza kufundishwa kwa uzito ukishavuka ile miaka ya mwanzo ya hesabu na fizikia. Mimi niliupenda nikabaki nao. Nikisema nimesomea udongo, watu wengi hudhani nalima.

Nianze na hilo la Mombasa kuwa jiwe tupu, maana limeharibu nyumba nyingi.

Kisiwani jiwe lipo kweli. Chimba Mji wa Kale, chimba Tudor, hutakwenda mbali kabla ya kugonga matumbawe, yaani miamba iliyojengwa na viumbe wa bahari katika enzi ya Plaistosini, wakati bahari ilipokuwa juu kuliko ilivyo leo. Wareno walipoanza kujenga Fort Jesus mwaka 1593 waliziketisha kuta zake moja kwa moja juu ya mgongo wa matumbawe hayo, na jiwe la matumbawe ndilo walilojengea. Lakini vuka Makupa uelekee Changamwe na Miritini, matumbawe yanakwisha. Hapo chini yako pana mwamba wa tope: matope ya bahari ya enzi ya Jurasiki, ya zaidi ya miaka milioni 145, yaliyogandamizwa hadi yakawa jiwe la tabaka tabaka. Jiwe hilo likipata hewa, jua na mvua kwa muda mrefu hurudi kuwa mfinyanzi. Ukizidi kwenda bara unafika Mazeras, penye jiwe la mchanga lile linalosakafia vibaraza na nyua Kenya nzima. Na kandokando ya mikono ya bahari, Tudor na Port Reitz, kuna ardhi nyingine tena: tope jeusi la mikoko, ambalo ukilikanyaga maji yamekupwa linakumeza hadi gotini.

Hiyo ni safari ya matatu ya nusu saa barabara ikiwa wazi, na umeshapita juu ya ardhi nne zisizofanana kwa lolote. Fundi aliyejifunza kazi yake kisiwani akavuka bara na vipimo vilevile vya msingi hana makosa ya mikono. Ila amehamia nchi nyingine bila kujua.

Sasa tuje kwenye kiini, na kwa hili sina maabara nzuri kuliko ufuo wa Nyali. Nenda maji yakipwa, uvue viatu. Juu kabisa, karibu na minazi, mchanga mkavu unakuyumbisha, na baiskeli haipiti. Teremka hadi pale bahari ilipoondoka punde: mchanga umelowa na mgumu, watoto wanachezea mpira na baiskeli zinateleza kama ziko lami. Endelea ndani ya maji, mchanga unalegea tena chini ya nyayo zako. Punje ni zilezile. Kilichobadilika ni maji yaliyo katikati yake.

Mchanga ukiwa na unyevu tu, maji yaliyonasa kati ya punje huzivuta zishikane, kama vioo viwili vilivyolowa vinavyokataa kuachana. Mchanga ukizama kabisa, ule mvuto unapotea, na punje zenyewe zinakuwa nyepesi kwa sababu maji yanazielesha. Na kuna jambo la tatu ambalo kila mtoto wa pwani ameliona bila kuliuliza. Kanyaga ule mchanga mgumu uliolowa, utaona duara jeupe kavu linajitokeza kuzunguka mguu wako. Ungetarajia maji yakamuke kama kitambaa, kumbe mchanga unakauka! Mwingereza Osborne Reynolds alilieleza hilo mwaka 1885. Punje zilizopangika vizuri haziwezi kusogea mpaka zipandane, na zikipandana mapengo kati yake yanapanuka, hivyo maji ya juu yanafyonzwa kushuka kuyajaza. Inua mguu, punje zinakaa upya, maji yanarudi. Mchanga umepanua kifua chake kukupinga.

Kwa hiyo unapoweka mzigo juu ya ardhi iliyojaa maji, kuna wawili wa kuubeba: punje na maji. Wanagawana. Maji yana nguvu ya kusukuma lakini hayana msuguano hata kidogo, na ardhi husimama kwa msuguano wa punje dhidi ya punje. Chochote kinachofanya maji yabebe zaidi kinazipunguzia punje kazi, na punje zisizobanwa huteleza. Chukua uzito wote, toa kile kinachobebwa na maji, na kinachobaki ndicho tunachokiita mkazo halisi. Hesabu yake ni kutoa tu, ya darasa la pili. Lakini kwa maoni yangu hakuna sentensi nyingine katika taaluma hii yote yenye uzito kama huo.

Aliyeiweka wazi ni Karl Terzaghi, mzaliwa wa Prague, na namna alivyoipata huniliwaza kila ninapoona maabara isiyo na vifaa. Alikuwa akifundisha Istanbul, Uturuki, mwishoni mwa Vita Kuu ya Kwanza na miaka iliyofuata, hana fedha wala mashine za maana. Alijiundia vyombo kwa vitu vya kuokoteza, vikiwemo visanduku vya sigara, akaweka humo mfinyanzi, akaubana, akapima unavyoshuka siku baada ya siku. Mwaka 1925 alichapisha kitabu kilichoifanya elimu ya udongo kuwa sayansi inayojitegemea.

Alichokiona kwenye visanduku vile kila mpishi wa pwani anakijua. Chukua nazi iliyokunwa, utie maji, uiweke kwenye kifumbu, ukamue. Mwanzo unaposhika, kiganja chako hakigusi ugumu wa machicha. Kinasukumana na tui lililojaa ndani. Tui linaanza kutoka, kifumbu kinanywea, na kadiri linavyotoka ndivyo machicha yanavyoanza kukukatalia. Mwishoni yote uliyoyashika yanabebwa na machicha, na kifumbu kimekuwa kidogo kuliko ulipoanza. Mfinyanzi uliolowa, ukiujengea nyumba, hufanya hivyohivyo. Mwanzo maji yanabeba nyumba. Yanakamuka polepole, mzigo unahamia kwenye punje, na ardhi inashuka.

Tofauti ni muda. Kifumbu kimefumwa wazi, tui linatoka kwa dakika moja. Vipenyo vya mfinyanzi ni vidogo mno, maji yanahitaji miezi, miaka, mara nyingine miongo. Ndiyo maana nyumba inaweza kumalizwa, ikapakwa rangi, ikafanyiwa maulidi ya kuihamia, halafu ikaanza kushuka mwenye nyumba akiwa ameshasahau jina la mkandarasi. Na muda huo una kanuni ya ajabu: ukifupisha nusu njia ambayo maji yanapita ili yatoke, muda haupungui nusu, unakuwa robo. Wahandisi wa bandari wanaitegemea kanuni hiyo. Ardhi laini ikijazwa juu ya bahari, huchomekwa ndani yake mikanda mirefu inayopitisha maji, karibu karibu, ili kila tone liwe na njia fupi ya kutokea, kisha juu hurundikwa mchanga wa kuibana. Ardhi inalazimishwa ishuke sasa, kabla ya kujengwa, isije ikashuka kesho.

Kujaza bahari si jambo la mbali na sisi. Kituo cha makontena cha Kipevu ambacho awamu yake ya kwanza ilifunguliwa 2016 kimekaa juu ya ardhi iliyotengenezwa, na kwenye vyumba vya kufundishia udongo mfano unaotajwa daima ni uwanja wa ndege wa Kansai huko Japani, uliofunguliwa 1994 juu ya kisiwa cha kujaza. Kisiwa hicho, tangu kilipoanza kujazwa, kimezama zaidi ya mita 11. Wajenzi walijua kitazama. Kilichowatoa jasho ni kiasi gani na kwa haraka gani.

Basi turudi kwa shangazi, maana yeye hakujaza bahari. Nilikwenda Jumamosi, tukachimba shimo kando ya ile pembe yenye ufa. Juu kulikuwa na kifusi cha nusu mita hivi, na msingi ulikuwa umeishia humohumo. Chini yake mfinyanzi wa rangi ya manjano iliyochanganyika na kijivu, unaong'aa ukiukata kwa panga. Nilichukua tonge nikalifunga kwenye mfuko wa plastiki lisikauke.

Vipimo vya kwanza vya tonge kama hilo ni vya unyenyekevu mno, na wanafunzi wa mwaka wa tatu huvidharau mpaka wavikosee. Vilianzishwa na Albert Atterberg, mkemia wa Uswidi, mwaka 1911. Unaukoroga udongo na maji kwenye kigae cha kioo mpaka uwe laini kama siagi. Unaupakaa kwenye kikombe kidogo cha shaba nyeupe, unapasua mfereji katikati kwa kisu maalumu, kisha unazungusha mkono wa mashine: kikombe kinapanda milimita 10 na kuanguka, ta, ta, ta, mara mbili kwa sekunde, huku ukihesabu. Unyevu ambao mfereji unajifunga kwa mapigo 25 ndio mpaka ambapo udongo unaacha kuwa kitu cha kufinyangwa na kuanza kuwa uji. Halafu unachukua kipande kingine, unakiviringisha kwa kiganja juu ya kioo kama unayefinyanga kamba ya udongo, nyembamba, nyembamba zaidi, hadi milimita 3. Kikifika hapo na kikakatika vipandevipande, umegundua mpaka wa pili, pale udongo unapoacha kufinyangika kwa ukavu. Udongo wote huingia kwenye tanuri la nyuzi 105, kesho yake unapima ni maji kiasi gani yaliyotoka.

Umbali kati ya mipaka hiyo miwili ndio tabia ya udongo. Mchanga hauna umbali wowote, hauviringiki. Mfinyanzi wenye umbali mfupi ni mtulivu. Wenye umbali mrefu ni mlevi wa maji: una nafasi kubwa ya kunywa na kukauka, na kila unapokunywa unavimba, unapokauka unasinyaa. Tonge la Miritini liliviringika, likaviringika, likakataa kukatika. Kabla hata ya tanuri nilijua jibu la ule ufa.

Kwa nini mfinyanzi uwe hivyo na mchanga usiwe? Kwa sababu punje za mchanga ni mawe madogo, ila za mfinyanzi ni vibamba vyembamba, ndogo kuliko milimita 0.002, zimelaliana kama kurasa za msahafu wa zamani. Aina iliyo kali kuliko zote, montimorilonaiti, gramu moja yake tu inaweza kuwa na eneo la uso la kama mita za mraba 800. Maji huingia kati ya kurasa hizo na kuzisukuma. Masika yakija kurasa zinafunguka, kiangazi zinajifunga. Nyumba nzito ya ghorofa huzikandamiza zisifunguke sana. Kibanda chepesi cha chumba na sebule, msingi nusu mita, hakina uzito wa kuzizuia, kwa hiyo kinanyanyuliwa. Maskini ndiye anayejenga chepesi, na ndiye anayepasukiwa.

Dawa ya mfinyanzi wa namna hii iko kwenye historia yetu wenyewe. Chokaa. Babu zetu walichoma matumbawe juu ya magogo wakapata chokaa ya kujengea nyumba na misikiti. Chokaa hiyohiyo ukiichanganya na mfinyanzi unaovimba, kalisi yake hufukuza sodiamu iliyokaa juu ya vile vibamba, navyo huvutana na kushikana mafungu mafungu. Ndani ya siku chache udongo uliokuwa unanata unakuwa wa chengachenga. Kisha kwa majuma na miezi chokaa huyeyusha kidogo silika ya mfinyanzi wenyewe na kuunda gundi inayofanana na ya saruji. Barabara nyingi duniani zimelala juu ya udongo uliotibiwa hivyo.

Hapa ndipo utafiti wa chuo kikuu unapoanza, na hapa nina maoni makali kidogo. Tafiti nyingi za wanafunzi ninazozisoma huchukua mfinyanzi, huuchanganya na chokaa, au jivu la makumbi, au jivu la pumba za mpunga, huungoja siku 28, huuvunja kwa mashine na kuandika kwamba nguvu imepanda. Sawa, imepanda. Lakini ukuta wa Miritini haukuvunjwa na mashine. Ulivunjwa na masika na kiangazi zikipokezana. Mwanafunzi anayeulowesha mchanganyiko wake na kuukausha mara kumi, kumi na mbili, halafu ndipo akaupima, huyo ananifundisha kitu. Kazi yake inachosha na haina takwimu za kupendeza, nami natamani wasimamizi wengi wangewaruhusu watu kama hao muda zaidi.

Sababu ya pili ya kufanya utafiti papa hapa ni kwamba vitabu tunavyosomea vimeandikwa kutokana na udongo wa watu wengine. Kanuni za mchanga zimepimwa kwenye mchanga wa kwatzi, punje ngumu kama kioo. Mchanga wetu wa pwani una vipande vingi vya matumbawe na magamba, vina matundu ndani, na ukivibana vinavunjika. Je, inaleta tofauti? Australia waliijua kwa gharama kubwa. Mwaka 1982 walipokuwa wakisimamisha jukwaa la gesi la North Rankin nje ya pwani ya magharibi, nguzo za chuma zilizotakiwa kugongwa kwa nyundo kubwa ziliteremka zenyewe makumi ya mita ndani ya mchanga wa aina hii. Msuguano uliohesabiwa haukuwepo. Punje zilikuwa zinapondeka kando ya nguzo badala ya kuibana. Marekebisho yalichukua miaka, na elimu yote iliyopo sasa kuhusu mchanga wa chokaa ilipata msukumo kutoka hapo.

Na jiwe lenyewe la matumbawe, lile la kisiwani tunaloliamini, lina siri yake. Mvua hubeba kaboni dioksidi ya hewani na udongoni, inakuwa na uchachu kidogo, na uchachu hula chokaa. Kwa maelfu ya miaka maji yametafuna njia ndani ya jiwe: vijishimo, mifereji, mapango. Bahari nayo, inayopanda na kushuka zaidi ya mita 3 wakati wa bamvua, husukuma na kuvuta maji ndani ya jiwe mara mbili kila siku.

Nikiwa bado mwanagenzi nilisimama kwenye kiwanja kimoja kisiwani tukifanya kipimo cha nyundo. Nyundo ya kilo 63.5 inaangushwa kutoka milimita 760 juu, inagonga bomba lililo chini ya shimo, na unahesabu mapigo yanayohitajika kulizamisha milimita 300. Kwenye jiwe lile bomba lilikataa kabisa. Mapigo 50, halijasogea upana wa kidole. Mwenye mradi aliangalia saa akasema inatosha, jiwe ndilo hilo, fungeni vyombo. Mchimbaji mkuu, mzee wa watu asiyekuwa na shahada, alikataa. Akabadilisha chombo, akaendelea kutoboa kwa mashine ya kuzunguka. Kwenye mita ya nne na kitu fimbo ilidondoka ghafla kama iliyoachiliwa, na maji ya kupoozea yakaacha kurudi juu. Kwenye daftari aliandika neno moja mbele ya kina hicho: "tupu". Nguzo ya ghorofa sita ilikuwa ikae hapo.

Fikiria hesabu yake. Kiwanja cha mita 15 kwa 30, mashimo matatu ya upana wa milimita 100. Eneo tuliloliona kwa macho ni sehemu moja kati ya kama 19,000. Mengine yote tunayakisia. Ndiyo sababu mhandisi wa chuma, aliyenunua chuma chenye cheti, anaweza kuwa mchoyo katika tahadhari, lakini sisi tunagawanya nguvu ya ardhi kwa 2.5 au 3 kabla ya kuthubutu kuiandika kwenye karatasi. Mteja huona tunampotezea pesa. Anayejua jiolojia ya mahali anakisia vizuri zaidi, na ndiyo maana napenda kuona vijana wa Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa pale Tudor, kilichopata hati yake 2013, wakishuka mlimani na koleo kwenda kuchukua sampuli za tope la mikoko lililo chini ya madirisha yao. Kila shimo linalochimbwa na kuandikwa vizuri ni ukurasa mmoja wa ramani ambayo mji huu unaihitaji.

Kwa shangazi hatukutumia chokaa wala kubomoa. Tulikuta bomba la kumwagia tangi la maji likimimina palepale kwenye ile pembe, na paa lisilo na mfereji likifanya vivyo hivyo upande wa pili wa pembe hiyohiyo. Pembe ilikuwa inanyweshwa, sehemu nyingine ya nyumba imekauka. Tulihamisha bomba, tukafunga mifereji ya bati, tukamwaga zege ukanda wa mita moja kuzunguka ukuta, ulioinama kuelekea nje ili maji yakimbie. Mwarobaini aliokuwa amepanda hatua tatu kutoka dirishani, ambao nao hunyonya maji ya udongo, alikataa usikatwe, na sikumlazimisha.

Ufa sikuuziba. Nilichora mstari wa penseli pande zote mbili nikaandika tarehe, nikamwomba apime upana kwa rula kila mwisho wa mwezi. Anaandika ukutani, kwa mwandiko wa Kiarabu alioujifunza chuoni, herufi ndogo zilizonyooka. Anasema fundi yule alipita akacheka. Masika mawili yameshapita, na ameniambia nisithubutu kuleta saruji mpaka ya tatu iishe.